Sita na Nusu kwa Ishirini

Ndalambo, kwa Mama Osea
Tarehe 19 Novemba, 1950

Mdogo wangu mpenzi Timotheo,

Pokea salamu zangu huko uliko, na kabla sijasema langu naomba kujua lako. Kifua kimepona? Watson mchuuzi wa chumvi alituambia kuwa vumbi la chini ya ardhi huko mgodini lilikushika mwezi wa Agosti hata ukalazwa, na kwamba ulipotoka ulirudi kazini upesi kuliko ilivyofaa. Namwomba Mungu karatasi hii ikukute umesimama kwa miguu yako mwenyewe. Sisi huku tu wazima wa mwili. Nesta ameota meno manne na anatembea kwa kushika ukuta. Mama Osea hajambo, ila goti lake la kushoto linamsumbua anapoinuka. Anakusalimu sana na anakuita mwanangu. Mvua za kwanza zimeshuka wiki iliyopita, tumeanza kulima. Udongo wa hapa ni mwepesi, si kama ule wetu mwekundu wa Isansa unaong'ang'ania jembe.

Neno lako nimelipata. Watson alilileta mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akalitoa polepole kama mtu anayetoa mwiba. Alisema umeapa hutakanyaga tena Isansa, kwamba utazeeka na kuzikwa huko ng'ambo, kwa sababu mkono wako ndio uliomuua shemeji yako. Alisema pia kwamba usiku hulali, unajiuliza ni namba gani uliyoisikia, na kwamba sasa hata masikio yako mwenyewe huyaamini. Sikukujibu siku ile. Usidhani nilinyamaza kwa hasira. Lilikuwapo jambo ambalo nilitaka kwanza lisemwe na mwenyewe, mbele za watu, ndipo nikuandikie kwamba limesemwa. Sasa naona nikingoja hilo nitangoja mpaka nife.

Kwa hiyo nitakueleza yote toka mwanzo, maana ulikuwa mbali na yaliyokufikia ni vipande vilivyopita midomo mingi. Isome mchana, umekaa.

Unalikumbuka lori la Baba, lile kuukuu la jeshi alilolinunua mnadani baada ya vita. Unakumbuka alivyofurahi. Alisema kahawa yetu haitangoja tena lori la mtu mwingine. Osea alikuwa amejifunza udereva vitani, akaja kuomba kazi, na baada ya mwaka akaja kuniomba mimi. Wako waliomuuliza Baba kwa nini anamwoza binti wa Kinyiha kwa Mnamwanga wa Ndalambo ambaye hata ukoo wake hawaujui. Baba aliwajibu kwamba mtu anayeweza kuteremka mpaka mto Songwe na shehena nzima bila kumwaga punje ya kahawa anaweza pia kumbeba binti yake. Nataka ukumbuke hilo, Timotheo. Baba alimpenda.

Lori lile lilikuwa na mpira mmoja mmoja mbele, na nyuma miwili miwili kila upande. Ya mbele ilikuwa myembamba, ya nyuma minene. Mwaka wetu wa kwanza nilikuwa nakaa na Osea mtoni akiliosha, naye alinifundisha kusoma ubavu wa mpira, kwa furaha tu, kama mwingine anavyomfundisha mkewe nyimbo. Aliniambia namba ile ndiyo jina la mpira. Ya kwanza ni unene wake, ya pili ni kimo cha chuma unachokivaa. Mbele palisomeka sita na nusu kwa ishirini. Nyuma, saba na nusu kwa ishirini. Akasema hiyo ishirini ndiyo inayodanganya watu, kwa kuwa mpira wa mbele utakubali kukaa kwenye chuma cha nyuma bila kugoma, na mtu ataona umeenea, kumbe ni mfupi kuliko mwenzake.

Akanieleza kwamba mipira miwili ya nyuma ni kama watu wawili waliobeba mzigo kwa mti mmoja mabegani. Wakilingana kimo, wanakwenda. Mmoja akiwa mfupi, bega lake linagusa mti tu, wala halibebi, na yule mrefu ndiye anayekufa na mzigo wote. Na watu wakiona wawili chini ya mti husema wako wawili.

Mwezi wa Aprili mpira wa nje wa nyuma, upande wa kushoto, ulichanika hata usishonwe tena. Mbeya dukani hapakuwa na mwingine, wakasema shehena haijafika toka pwani. Ndipo Baba akakukumbuka wewe, maana huko kwenye migodi mipira hupatikana. Jumapili ile Watson alipita na baiskeli yake akielekea Tunduma, na Baba alimpa namba kwa mdomo, pale pale nje baada ya ibada, akamwomba akufikishie ununue mmoja. Ukanunua. Watson anasema ulikuja nao juu ya basi mpaka Nakonde, ukauvusha mpakani kwa kuuviringisha kwa mkono, ukicheka, na koti umelitupa begani. Nakukumbusha ujue kwamba ulipofika nyumbani tulifurahi sote. Baba aliita majirani wauone. Aliweka kiganja juu yake akasema mwanangu yuko chini ya ardhi, lakini mkono wake unafika hapa.

Osea alikuja toka kuosha lori, akainama akausoma ubavu. Mbele ya watu hakusema kitu. Unajua mwenyewe kwamba mkwe hasemi usoni pa baba wa mkewe, neno lake lilipita kwangu, na la Baba likarudi kwangu. Alasiri aliufunga kwenye chuma, akaniita nyuma ya ghala, akachukua ufito ulionyooka akaulaza juu ya mipira yote miwili. Ule wa zamani, pamoja na kulika kwake, uliushika ufito. Huu mpya haukuufikia. Akaingiza vidole viwili katika pengo lile, vikapita.

Alinituma hivi, na nilifikisha neno zima bila kulipunguza. Nimwambie Baba kwa heshima kwamba mpira ni mzuri lakini ni wa mbele. Uwekwe mbele, pamoja na wenzake wa kimo kimoja, na lori lisimame mpaka upatikane wa saba na nusu. Ikiwa ni lazima litembee, basi libebe nusu ya mzigo na si zaidi.

Baba alikuwa anachambua kahawa kwenye mkeka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono ukasimama kidogo, halafu ukaendelea kuchambua. Alisema mpira umeingia kwenye chuma bila kupigwa nyundo, basi ndicho kimo chake. Nikamweleza habari ya ufito na vidole. Hapo akainua uso.

“Mwambie mumeo gari ni langu, na aliyeleta mpira ni mwanangu. Vidole vyake avipimie kwingine.”

Nilimrudishia Osea neno hilo nikiwa nimelilainisha kidogo, lakini alilisikia jinsi lilivyokuwa. Alicheka kwa pumzi ya puani akasema haya, tutakwenda polepole.

Mei na Juni alikwenda polepole. Mizigo ilikuwa midogo bado. Akifika Vwawa husimama, akashuka, akaweka kiganja juu ya mipira ile ya kushoto, na kabla ya mteremko wa Songwe husimama tena. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia. Ule wa zamani unawaka hata mkono haukai. Ule wako umepoa kama chungu kisichobandikwa motoni. Nilimpelekea Baba na hilo pia. Alijibu kwamba mavuno yakiisha tutaona.

Mwezi wa Julai wanunuzi wa Mbeya walitangaza kwamba karibu wanafunga. Isansa nzima ikakimbilia kwetu na magunia. Baba hakumkatalia mtu. Walipakia mpaka ubao wa juu, na juu ya magunia wakapanda abiria, miongoni mwao Mama Tabita, yule aliyetufundisha nyimbo za kanisani mimi na wewe, akienda kumwona mjukuu mpya huko Mbeya. Osea alishusha magunia kadhaa akayapanga chini bila kusema. Baba alitoka ndani, akayatazama, akawaambia vijana wayapandishe tena. Osea aliingia ndani kwangu. Alikunywa uji wa ulezi niliompikia, bakuli moja na nusu ya pili. Nakuandikia hivyo makusudi, Timotheo, uji wa ulezi, na mimi ndiye niliyeupika, na hakikupita kitu kingine kinywani mwake asubuhi ile. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba blanketi la Nesta linanuka maziwa, nilianike.

Yaliyotokea kwenye mteremko nimeyapata kwa waliopona. Walisikia mlio kama wa bunduki chini upande wa kushoto. Ule mpira wa zamani ulipasuka. Mzigo wote ukaangukia ule mpya, ambao tangu ufike haukuwa umebeba kitu, nao haukuweza. Ukatoka kwenye chuma. Lori likainamia kushoto, kulikokuwa na korongo. Osea alivuta usukani kulia akalisugua lori kwenye ukingo wa mlima, akalishikilia hivyo kwa mwendo mrefu, mawe yakikwaruza mlango wake, mpaka likagonga na kupinduka. Wanasema kama angeruka angepona yeye na wao wote wangeingia korongoni. Usukani ulimvunja kifua. Mama Tabita alifunikwa na magunia. Wengine walivunjika mikono na miguu, lakini wako hai, na wawili kati yao wameniambia haya kwa machozi, ila mbele ya watu hawayasemi.

Siku ya pili ya msiba alikuja askari kutoka Mbeya kumwuliza Baba, mwenye gari, lori lilikuwa na hali gani. Mimi nilikuwa ndani nimelala chini pamoja na wanawake. Nilimsikia Baba akisema lori lilikuwa zima. Kisha nikamsikia akisema kwamba mkwe wake siku hizi alikuwa na harufu ya pombe.

Nilidhani ni kichwa changu. Mtu aliyelia siku mbili husikia mengi. Lakini jioni ile ile neno lilikuwa limeshapita nyumba zote. Osea hakugusa pombe tangu abatizwe, hata ile ya mavuno, na watu walijua, lakini walikuwa wamempoteza Mama Tabita na walitaka pa kuiweka hasira yao. Wazee wa kanisa wakasema aliyemuua mama wa kanisa kwa ulevi hapigiwi kengele. Mchungaji hakuwapinga. Ndugu zake Osea wakaja toka Ndalambo, wakamchukua mtu wao. Hapa tulimzika bila mchungaji na bila kitabu. Tuliimba mimi na Mama yake, sauti mbili tu, na katikati ya wimbo yake ilikatika.

Baada ya arobaini nilimwuliza Baba. Niliuliza kwa nini amelitia jina la Osea katika pombe, naye anajua. Hakukasirika. Aliniambia kwa sauti ya upole kwamba alikuwa anakulinda wewe. Angemweleza askari habari ya mpira, wangeuliza nani aliyeuleta, na wangekufuata mpaka huko Rodeshia. Akasema yeye alimtuma Watson saba na nusu, na kwamba ama Watson aliisahau njiani ama wewe ulisikia vibaya. Akasema Osea amekwisha kufa, neno halimwumizi, lakini wewe u hai. Nami nilimwamini, mdogo wangu. Nilimwamini mwezi mzima.

Ndipo alipokutumia lile neno kali kwamba mpira uliouleta sio aliokuagiza. Watson alilikataa. Alisimama uani kwetu akasema kwa heshima ya kwao, “Mzee mukwai, uliniambia sita. Nilihesabu njiani kama wimbo, sita na nusu, sita na nusu, mpaka nikamkuta kijana wako.” Watu wakamcheka. Walisema Watson anachanganya chumvi na mchanga, atashindwa kuchanganya sita na saba? Tangu siku ile hapiti tena Isansa. Na nimesikia kwamba hata wewe ulimwita mwongo.

Mimi nilimfunga Nesta mgongoni, nikaja huku kwa mama yake Osea, na ndiko niliko.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Mwezi uliopita, katika lile jua la kabla ya mvua, Baba alikuja hapa. Hakuna aliyemtarajia. Alishuka kwenye gari Tunduma na sehemu kubwa ya njia iliyobaki aliikata kwa miguu, vumbi lilimfika magotini. Amekonda, Timotheo. Ungempita njiani. Mama Osea alimkaribisha kama mkwe anavyokaribishwa, akamletea maji na kigoda, akataka kuondoka atuache. Baba akamwomba akae. Halafu akamwangalia Nesta akivuta mkia wa mbuzi. Aliposema, hakunitazama mimi. Alitazama chini.

“Nilimwambia Watson sita na nusu,” alisema. “Hakukosea yeye, wala mwanangu hakukosea.”

Jumapili ile, alisema, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na lori lilikuwa limesimama kwenye tope. Mipira ya nyuma ilikuwa imefunikwa hata namba haionekani. Ilibidi mtu apige magoti, afute kwa mkono, ndipo asome. Yeye alikuwa ametoka ibadani, amevaa koti lake na suruali nyeupe, na wazee wenzake walikuwa wamesimama pale. Akaona kwamba mpira ni mpira. Akainama kidogo akausoma wa mbele, ambao majani yalikuwa yameupangusa, akamtajia Watson.

Nikamwuliza alijua lini. Nilitegemea aseme alijua baada ya ajali, alipoliona lori limelala. Alisema alijua siku ile ile niliyompelekea neno la Osea penye mkeka wa kahawa. Mara tu niliposema ni mpira wa mbele, aliiona namba machoni pake, na tope, na suruali yake. Alisema angeweza kuniambia, kwa maneno mawili tu, nenda kamwambie mumeo ana haki. Lakini angekuwa amemwambia mkwe kwamba mkwe anajua na yeye hajui, na majirani walikuwa bado uani wakiusifu mpira. Akaona tutaumudu mpaka mavuno.

“Na pombe?” niliuliza.

“Hakunywa,” alisema Baba. “Mimi ndiye niliyemnywesha, kwa mdomo wangu.”

Mama Osea hakulia. Nilimtazama nikiogopa atakachofanya, maana mwanawe amelala hatua chache toka pale tulipokaa. Alimjibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, akichagua neno moja moja. Alisema, “Baba Enesi, umetembea mbali kutuletea sisi habari ambayo tunaijua. Sisi tulijua mtoto wetu hanywi. Kawaambie wale wasiojua.”

Baba akasema atawaambia. Akasema Jumapili inayofuata, mchungaji akiuliza kama kuna mwenye neno, atasimama. Alilala kwa jirani, alfajiri akaondoka.

Tulikwenda Isansa, mimi na Mama Osea na Nesta. Hatukumwambia mtu sababu. Tulikaa upande wa wanawake, karibu na mlango. Baba alikuwa mahali pake pa siku zote, mbele, safu ya wazee. Zikaimbwa nyimbo, likasomwa Neno, mchungaji akauliza kama kuna mwenye jambo la kulieleza kanisa. Baba alifungua kitabu chake cha nyimbo. Akaanza kukisoma. Nyimbo zilikuwa zimekwisha, Timotheo, na yeye anasoma. Mchungaji akangoja kama anavyongoja kila wiki, akainua mkono atoe baraka.

Nikasimama mimi.

Mwanamke hasimami pale, unajua. Lakini sauti ilitoka. Nilisema Osea mwana wa Ndalambo hakuwa mlevi. Nilisema mpira ulikuwa mfupi, na kwamba alisema ni mfupi, na mimi ndiye niliyeyabeba maneno yake, na Watson alipewa sita na akafikisha sita, na ndugu yangu alinunua kile alichoagizwa. Nikasema anayeyajua haya yumo humu ndani, na mimi na mama wa marehemu tuliyasikia kwake. Sikulitaja jina. Niliona nimwachie hicho.

Kila shingo iligeuka kwake. Mchungaji alimwuliza kwa adabu kama ana la kusema. Baba aliinuka akashika ubao wa kiti cha mbele. Moyo wangu ulimwomba, kweli ulimwomba, kama nilivyokuwa namwomba nikiwa mtoto.

“Binti yangu ana majonzi,” alisema. “Msimkasirikie.”

Akaketi.

Na wao wakanisamehe, ndugu yangu. Hilo ndilo linaloniamsha. Hawakunifukuza wala hawakunikemea. Walinihurumia. Mzee Yonasi alikuja akaniwekea mkono kichwani akaniombea nipate kuusahau msiba, na wanawake wakasema amina. Mama Osea alinishika mkono tukatoka mpaka barabarani. Hapo akasema tutafute maji, mtoto ana kiu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimeshindwa kule, na sidhani kama nitajaribu tena. Wiki moja baadaye Fides, binti wa marehemu Mama Tabita, alifika hapa kwa miguu na debe la unga kichwani na jembe lake. Hakusema amekuja kwa nini. Alilima nasi kutwa, akalala, akaondoka. Huenda anaamini, au huenda hajui aamini nini. Sikumwuliza.

Lakini kwako sitaki kushindwa. Timotheo, ulisikia sita na nusu kwa sababu uliambiwa sita na nusu. Ulikwenda dukani ukanunua sita na nusu, mpira mpya, mzima, mzuri kabisa, na ungewekwa mahali pake ungetembea miaka. Masikio yako ni mazima. Mkono wako haukumuua mtu. Ukimwona Watson mwombe radhi, na umwombe mbele ya watu, maana alitukanwa mbele ya watu.

Baba anaishi peke yake sasa. Lori liko nyuma ya ghala, limelala ubavu, kuku wanatagia ndani. Wanasema anakula kidogo na haendi tena shambani, na katika sala zake anakutaja wewe kila mara. Nadhani atakutumia neno uje. Akikutumia, hatakuambia haya, ndiyo maana nimeyaandika. Usiniulize kama nimemsamehe. Bado, na sijui itakuwa lini, na sikuandikii ili unisaidie kumchukia. Ni baba yetu. Alitubeba wote wawili mabegani kuvuka mto ule mwaka wa mafuriko, na wewe ulikuwa unalia na yeye alikuwa anaimba. Hilo nalo ni kweli.

Ukija, pitia huku kwanza. Nitakupeleka kwa Osea, ukae naye kadiri utakavyo. Halafu uende Isansa. Utakachomwambia Baba mimi sikufundishi. Ila usimsalimie ukiwa umesimama mlangoni kama mgeni. Ingia, ukae, kisha useme.

Mama Osea anasema upake mafuta ya mbarika kifuani na ujifunike vizuri utokapo shimoni. Nesta nimemshika mkono achore mstari hapo chini, ndiyo salamu yake kwa mjomba. Nisalimie wote wa kwetu unaokaa nao huko, na Bwana akulinde unaposhuka na unapopanda.

Wasalaam.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Enesi, mkewe Osea